Marcia Lindauer Asubiri Nje ya Mlango Wake

Bodi ya Wakurugenzi ya jengo letu imetangaza, katika waraka uliobandikwa ndani ya lifti zote mbili, ile ya watu na ile ya mizigo, kwamba nyumba hii ni familia moja. Kwamba anayeishi humu kwa wema hatahesabiwa kuwa mgeni kamwe. Na kwamba taratibu zote za Bodi, ziwe za mazulia, za mbwa au za urithi, zina lengo moja tu, nalo ni kulinda utu wa kila mkazi. Waraka umetiwa kwenye fremu ya shaba. Watu huusoma sana, maana mtu anapopanda hadi ghorofa ya saba hana kingine cha kutazama isipokuwa kisogo cha jirani.

Mimi nimeusoma mpaka nimeukariri, na kila nikiusoma namkumbuka Marcia Lindauer wa 7C, fleti ya vyumba viwili vya kulala inayotazamana na mlango wangu.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, ya kusafisha meno ya watu kwenye kliniki moja ya barabara ya Lexington. Kazi hiyo ilimzoesha kuzungumza na watu wasioweza kumjibu, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache na yalikwenda moja kwa moja. Aliletwa 7C akiwa mchanga. Aliondoka mara moja tu, alipoolewa na mpiga tromboni wa Queens, ng'ambo ya mto, aitwaye Vito Scalise, ndoa iliyomkaa kama mafua makali yanavyomkaa mtu, ikaisha, akarudi na sanduku lilelile. Baadaye mama yake, Bi Trudi, akaanza kuzeeka kwa namna ile ya wazee wa mtaa huu, yaani polepole na kwa amri nyingi, na Marcia akabaki kumwogesha, kumpikia supu na kumsomea gazeti, pamoja na mbwa wao Otto, mzee mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi kama ya kabati.

Hapa kwetu mtu hanunui fleti. Ananunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, na kampuni inampangisha fleti yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba matajiri wote wa mtaa wetu wa Sabini na Tisa Mashariki ni wapangaji, jambo ambalo hawapendi litajwe mezani. Kampuni ina Bodi. Bodi humhoji kila anayetaka kuingia. Na ikimkataa haimwambii kwa nini.

Bi Trudi alifariki mwezi wa Februari. Bodi ilipeleka maua ya okidi yenye kadi iliyotiwa saini na wajumbe wote. Maua hayajanyauka, ofisi ya meneja wa jengo ikampigia Marcia simu: hisa haziwezi kuhamia kwake mpaka ahojiwe, na asipokubaliwa hawezi kuendelea kukaa. Mbwa naye atahojiwa.

"Mbwa anaishi humu tangu alipokuwa kiganjani," alisema Marcia.

"Mbwa alikuwa wa marehemu, bibi. Ruhusa yake imekufa na marehemu."

Besnik, bawabu wetu wa mchana, alizipata habari hizo kabla hazijafika ghorofa ya pili. Ni Mwalbania mwenye masharubu mazuri, na koti lake la vifungo vya dhahabu linamfanya aonekane jenerali wa nchi isiyo na jeshi.

"Bi Marcia, wanakuhoji wewe?" aliuliza, akimshikia mlango. "Mimi nilikuja hapa nikakukuta!"

"Usinichekeshe, Besnik. Nina msiba."

"Wakikuuliza ulilijuaje jengo hili, waambie uliona tangazo."

"Nitawaambia wewe ndiye uliyenileta."

"Toba! Mimi nina watoto."

Mwenyekiti wa Bodi ni Garrett Pell wa 7D, mlango unaofuata wa Marcia. Ni wakili, mwenye meno meupe kuliko yanavyopaswa kuwa ya mtu wa umri wake, na ana desturi ya kukupa mkono kwa furaha kisha kuufuta kwa kitambaa chenye dawa akiwa bado anakutazama usoni. Kwa kawaida mahojiano hufanyika kwake. Safari hii alikuwa anapigisha sakafu msasa.

"Marcia mpenzi," alisema kwenye simu, "kwetu kuna vumbi la kutisha. Hutajali tukija kwako? Itakuwa kama familia tu."

Basi Marcia akaenda kununua babka, ile keki ya chokoleti ya kusokota, akatoa vikombe vya mama yake vyenye ukingo wa buluu, akapiga pasi kitambaa cha meza. Nilipita kumtazama kabla hawajafika. Alikuwa amevaa gauni la kijivu na mkufu wa lulu.

"Nimekaaje?" aliniuliza.

"Kama mtu anayeomba kazi."

"Ndicho ninachoomba. Kazi ya kuishi kwangu."

Nilimwambia hawawezi kumkataa. Uwezo wa kulipa ada za kila mwezi alikuwa nao, mama alimwachia. Kelele hakuwa nazo. Maji hayajawahi kuvuja kutoka kwake. Aliniambia, "Kuniweza wananiweza. Tuombe wasitake."

Yaliyotokea ndani alinisimulia yeye mwenyewe, na Daktari Baumgold, ambaye hajawahi kutunza siri zaidi ya mlo mmoja, aliyathibitisha. Walikuja watatu: Pell, huyo Irwin Baumgold, mweka hazina, daktari wa meno aliyestaafu, na Philippa Dunning, mwenyekiti wa kamati ya wanyama, mwanamke mwembamba anayezungumza na binadamu kama anavyozungumza na mbwa, ila kwa upendo mdogo zaidi. Walikaa kwenye kochi la Bi Trudi. Pell alikata kipande kikubwa cha babka kwa vidole, akavilamba kimoja kimoja, halafu akafungua faili.

"Haya, Marcia. Hebu tuambie kidogo kuhusu wewe."

Marcia alitabasamu, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Naitwa Marcia Lindauer," alisema mwishowe. "Naishi hapa."

"Safi sana. Daktari?"

Baumgold alikuwa anachokoa jino kwa ukucha wa kidole kidogo. Aliutoa, akautazama, akaufuta kwenye mkono wa kochi. "Kazi yako ni nini, binti, na mwajiri wako ni nani?"

"Nilikuwa kwenye kliniki yako, daktari. Tangu nilipomaliza chuo mpaka ulipoiuza."

"Najua, najua. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Je, mwajiri wako aliridhika nawe?"

"Sijui. Hakuwahi kusema."

"Andikeni aliridhika," alisema Baumgold, na inasemekana alijiona ametenda wema mkubwa.

Philippa alitaka kujua kama mwombaji anamfahamu mtu yeyote ndani ya jengo. Marcia akasema anamfahamu yeye, Philippa. Walikuwa wakiviringika pamoja kwenye theluji ya bustani wakiwa wadogo, na siku moja Philippa alimng'ata sikio. Philippa akaandika, "Ndiyo."

Kisha Pell akaegemea mbele. "Kuna jambo linaloisumbua Bodi kidogo. Wewe ni mtu mmoja. Fleti ina vyumba viwili vya kulala."

"Kimoja changu. Kimoja cha mama."

"Mama hayupo, Marcia."

"Najua, Garrett. Ulituma maua."

Ikafika zamu ya Otto. Alikuwa amelala kwenye zulia, miguu ya nyuma imetawanyika. Philippa alipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Otto kimya. Akaangusha funguo sakafuni. Otto kimya. Akaenda akabonyeza kengele ya mlango mara kadhaa, akarudi mbio kumtazama usoni. Otto alikuwa ameanza kukoroma, na akatoa hewa ya chini yenye uzito ambayo wote walijifanya hawakuisikia wala kuinusa.

"Utulivu wa ajabu!" alisema Philippa, machozi yakimlenga. "Hili ndilo jengo tunalolitaka."

Otto ni kiziwi. Hakuna aliyeuliza. Philippa alimfuta pua yenye ute kwa kitambaa cha meza, kisha akakikunja vizuri na kukirudisha kwenye sinia, juu ya keki.

"Sasa utaratibu," alisema Pell. "Mwombaji hutoka nje tukijadili."

"Nitoke wapi?"

"Nje tu. Koridoni."

"Nje ya nyumba yangu?"

"Hilo la yangu," alisema Pell kwa upole, "ndilo tunalolijadili."

"Basi njoo, Otto."

"Aa, Otto abaki," alisema Philippa. "Bado sijamaliza naye."

Ndivyo nilivyomkuta. Nilifungua mlango wangu kwenda kutupa taka, nikamwona Marcia amesimama juu ya zulia lake la mlangoni, na lulu zake, mikono imefumbatwa tumboni, akiutazama mlango wa 7C kwa nje kama mtu aliyekuja kuuza sabuni.

"Wamekufungia?"

"Wananijadili."

"Na Otto?"

"Yuko kwenye kikao."

Niliweka mfuko wa taka chini nikasimama naye. Nilimwambia utaratibu huu ni uchafu, na mtu aliyeutunga alipaswa kuona haya.

"Aliyeutunga alikuwa mama," alisema Marcia.

Sikujua hilo. Jengo lilipogeuzwa kuwa la ushirika, Bi Trudi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza, na kifungu cha urithi, kile kinachosema hakuna atakayeingia bila mahojiano, hata kwa ndoa, hata kwa damu, alikiandika mwenyewe, kwenye meza ileile ambayo sasa wenzake walikuwa wanaimwagia kahawa.

"Alikuwa anamzuia nani?"

"Vito. Alisema siku akifa hataki kumwona kutoka kaburini mpiga tromboni amevaa fulana sebuleni kwake." Alicheka bila sauti. "Vito mwenyewe hakuwahi kuitaka fleti hii. Alisema humu ndani kunanuka polishi na watu wanaoshikilia pumzi."

Mlango wa 7C ulifunguka kidogo. Kikajitokeza kichwa cha Baumgold, makombo kwenye kidevu.

"Binti, samahani. Maziwa unayaweka wapi?"

"Kwenye friji, daktari."

"Aha. Nilitafuta kabatini." Kikarudi ndani. Baada ya muda kikatoka tena. "Na hii keki, ipo nyingine?"

"Hiyo hiyo."

"Basi. Mambo yanakwenda vizuri, usijali," alisema, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

"Nilimwoshea vyombo vyenye damu na mate ya watu miaka yote hiyo," alisema Marcia, "na sikuwahi kusikia kichefuchefu kama hiki."

Ndipo tuliposikia. Tok. Tok, tok. Kimya. Tok. Sauti ilitoka kwa ndani, upande wa kushoto, mtu anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasogea, anagonga tena. Marcia aliinua kichwa.

"Hicho ni chumba cha mama."

"Wanatafuta nini?"

Upande wa pili wa ukuta huo ni sebule ya Pell, ileile iliyokuwa inapigwa msasa mpaka kwenye ukuta. Kila mtu wa jengo alikuwa amemsikia mke wa Pell akilalamika kwamba hawana mahali pa kuweka piano.

"Anasikiliza kama uko wazi ndani, kama unabomoleka," alisema Marcia.

Alikuwa ameniambia alijiapiza kukaa kimya mpaka jioni ile iishe, afanye kila watakachomwambia, kwa sababu fleti ile ndiyo aliyokuwa nayo duniani. Nilimwona akiwaza jambo hilo. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni, ufunguo aliopewa alipoanza shule, akafungua mlango wake mwenyewe bila kubisha. Nilimfuata mpaka kwenye kizingiti cha chumba. Sikualikwa, lakini na wao hawakuwa wamealikwa.

Sebuleni Philippa alikuwa sakafuni na Otto. Baumgold alikuwa mbele ya jokofu. Chumbani, Garrett Pell alikuwa amesimama juu ya kitanda cha Bi Trudi. Alikuwa na viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi ya kahawia vyenye vumbi la msasa, na vilisimama katikati ya shuka nyeupe ya kufunikia aliyoifuma marehemu kwa mkono, pale mwili wake ulipolazwa wakisubiri gari. Sikio lilikuwa ukutani. Kipande cha babka kilikuwa mkono wa kushoto, na makombo ya chokoleti yalikuwa yameangukia mto wa kulalia.

"Marcia!" alisema, bila kushuka. "Bado hatujakuita."

"Shuka kwenye kitanda cha mama yangu, Garrett."

Alishuka. Nyayo zikabaki. "Nilikuwa naangalia nyufa," alisema. "Ni suala la usalama wa jengo."

"Umeupata ufa?"

"Bado."

"Basi katafute kwako. Ukitoka, faili lako liko juu ya kochi, na alama za vidole vyako ziko juu ya kila kitu."

"Jamani," Philippa alisikika kutoka sebuleni, "tusiwe na hasira mbele ya mbwa."

Baumgold alisema, "Mwenyekiti, nadhani tumeshaona ya kutosha," akafunga kipande cha mwisho cha keki kwenye karatasi laini, akakitia mfukoni. Pell alitoa kitambaa chake chenye dawa, akajifuta mikono polepole, akamshukuru Marcia kwa ukarimu wake.

Ofisi ya meneja ilipiga simu wiki hiyohiyo.

"Ombi lako halikukubaliwa, bibi."

"Kwa sababu gani?"

"Bodi haina desturi ya sababu."

"Na mbwa?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Mbwa ameidhinishwa. Kwa kauli moja. Ametajwa pia kuwa mfano."

Marcia alikwenda kwa wakili. Wakili akasoma kifungu, akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza ni nani aliyekiandika, maana kilikuwa kimekazwa vizuri sana. Alisema kesi inaweza kupiganiwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na afya njema ya kuipigania muda mrefu kuliko Marcia. Basi ikabaki kuuza. Mnunuzi wa kwanza aliyepatikana alihojiwa akakataliwa. Wa pili akakataliwa. Wa tatu alikuwa Garrett Pell. Kwa ajili ya maadili, mwenyekiti alitoka nje, akasimama koridoni wakati Bodi ikimjadili. Nilimwona pale, amesimama juu ya zulia la mlangoni kwake, anapiga mluzi. Hakusimama muda mrefu.

Sisi wengine tulifanya tunachokijua. Tulimpa Marcia pole ndani ya lifti, kwa sauti ya chini, macho kwenye fremu ya shaba. Mmoja wetu alimletea mshumaa wenye manukato. Mwingine alimuuliza kama vikombe vyenye ukingo wa buluu ni vya kuuza.

Alihama mwezi wa Mei, kwenda chumba kimoja huko Queens, si mbali na kwa Vito, ambaye alikuja kumsaidia kufunga vitu na alikuwa amevaa fulana. Marcia alikuwa ameifua mara nyingi ile shuka ya mama yake. Aliikunja ile sehemu ya nyayo kwa ndani.

Wabebaji walipomaliza, alitoka na mkoba begani na kamba ya Otto mkononi, akaenda kubonyeza kitufe cha lifti. Besnik alikuwa amepanda juu kumuaga. Alisimama mbele ya kitufe.

"Bi Marcia. Nisamehe. Anayehama hushuka na vitu vyake, kwa nyuma. Kuna kamera, na mwenyekiti huwa anaziangalia."

"Mimi pia ni kitu changu?"

"Bi Marcia, nakuomba."

"Usihangaike, Besnik. Na huyu?"

Besnik alimtazama Otto. Otto alitazama ukuta.

"Huyu ana ruhusa," alisema. "Huyu hajanyimwa chochote."

Alichukua kamba kutoka mkononi mwake. Marcia na Vito wakaingia kwenye lifti ya mizigo, katikati ya masanduku, na taa ya kusimama yenye kivuli kilichopasuka. Otto alishuka kwa lifti ya watu.